Alexandre Dumas, Mtu Aliyebeba Jina la Bibi Yake

Wengi wetu tuliopitia shule za sekondari tunamfahamu D'Artagnan, yule kijana wa mashambani aliyeingia Paris na farasi mkongwe wa rangi ya manjano, akagombana na askari watatu kwa siku moja, na kabla jua halijachwa wakawa marafiki zake wa kufa na kuzikana. Tulimkuta katika vitabu vya Kiingereza chepesi vilivyofupishwa, vyenye picha za panga na kofia za manyoya ya ndege. Jina la mwandishi lilikuwa juu ya jalada: Alexandre Dumas. Tulilisoma, tukageuza ukurasa, tukaingia katika hadithi.

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlio madarasani sasa, nataka kuwasimulia maisha ya mtu huyo pamoja na habari za jina lake. Jina Dumas halikutoka kwa mwinyi yeyote wa Ufaransa. Lilitoka kwa mwanamke mtumwa, mtu wa asili ya Kiafrika, katika kisiwa cha mbali sana na Paris.

Mwanamke huyo aliitwa Marie-Cessette Dumas. Aliishi upande wa magharibi wa kisiwa kilichokuwa koloni la Wafaransa na kuitwa Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti. Koloni hilo liliitajirisha Ufaransa kwa sukari na kahawa, na kazi yote ilikuwa ikifanywa na watumwa waliochukuliwa Afrika. Bwana wake alikuwa Mfaransa wa ukoo mkubwa, mwenye cheo cha Marquis, Alexandre Antoine Davy de la Pailleterie. Mwaka 1762 Marie-Cessette alimzalia mtoto wa kiume aliyeitwa Thomas-Alexandre. Marquis alipotaka kurudi kwao kudai urithi hakuwa na nauli, basi alimweka mwanawe rehani. Baadaye alimkomboa na kumwita Ufaransa, naye kijana aliwasili mwaka 1776. Mama yake hakuvuka bahari.

Mwaka 1786 kijana huyo aliamua kuingia jeshini kama askari wa kawaida. Baba yake hakupenda jina la ukoo wa kimwinyi liandikwe katika orodha ya askari wa chini. Kijana hakubishana naye. Aliliacha jina la baba, akajiandikisha kwa jina la mama, Alexandre Dumas. Tangu siku hiyo jina la mtumwa wa Saint-Domingue likawa jina la ukoo.

Mapinduzi ya Wafaransa ya mwaka 1789 yalimfungulia njia, kwani vyeo vya jeshi sasa vilitolewa kwa ushujaa badala ya nasaba. Kufikia mwaka 1793 alikuwa Jenerali mwenye maelfu ya askari Wazungu chini ya amri yake. Mwaka 1798 alikwenda Misri pamoja na Napoleon, wakakosana huko huko. Alipokuwa akirejea, merikebu yake ilivuja na kulazimika kutia nanga Taranto, katika ufalme wa Naples, ambako alitiwa gerezani kwa muda wa karibu miaka miwili. Alitoka mwaka 1801, afya yake imekwisha kuharibika.

Tarehe 24 Julai, 1802, katika mji mdogo wa Villers-Cotterêts, kaskazini-mashariki ya Paris, mkewe Marie-Louise Labouret, binti wa mwenye nyumba ya wageni, alijifungua mtoto wa kiume. Huyo ndiye Alexandre Dumas wetu. Mwaka huo huo Napoleon aliurudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, utumwa ambao Mapinduzi yalikuwa yameufuta mwaka 1794. Jenerali alifariki mwaka 1806. Mwanawe alikuwa hajatimiza miaka minne, na serikali haikumpa mjane hata pensheni.

Mtoto alikua katika ufukara. Alifundishwa kidogo na padri wa mjini kwao, hesabu zikamshinda kabisa, lakini alijaliwa mambo mawili: shabaha ya kuwinda na mwandiko mzuri. Shabaha ilimpatia kitoweo. Mwandiko ulimpatia maisha. Alipofika Paris mwaka 1823, akiwa na miaka 20, alikwenda kubisha hodi kwa marafiki wa zamani wa baba yake, na wengi hawakuwa na haja naye. Jenerali Foy alimpokea, akamwuliza anajua nini. Kila alichoulizwa kilikuwa hapana. Mwisho Foy alimwambia aandike anwani yake, na alipouona mwandiko ule, akapata njia ya kumsaidia. Dumas aliajiriwa kuwa karani wa kunakili barua katika ofisi ya Duke wa Orléans, kwa mshahara wa faranga 1,200 kwa mwaka.

Mimi ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo sehemu hii ya maisha yake hunivutia kuliko nyingine. Karani wa kunakili huandika maneno ya wakubwa kutwa, wala hakuna anayeuliza kama naye ana maneno yake. Dumas alinakili barua mchana na kusoma usiku. Mkubwa wake mmoja pale ofisini alimwelekeza vitabu vya kusoma, miongoni mwao vya Shakespeare na Walter Scott. Mwaka 1827 waigizaji wa Kiingereza walikuja Paris kuonyesha michezo ya Shakespeare, naye alipowaona akatambua kazi aliyotaka kuifanya. Mwezi Februari 1829 mchezo wake juu ya Mfalme Henri wa Tatu ulionyeshwa katika Comédie-Française, ukumbi mkuu wa michezo wa Ufaransa. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Duke wa Orléans mwenyewe, aliyekuja kutazama kazi ya karani wake. Asubuhi yake karani alikuwa mtu mashuhuri.

Basi mwanafunzi anayemdhania Dumas kuwa mtu wa riwaya tu afahamu kwamba alianza jukwaani. Alijifunza kuandika kwa kuwasikiliza watu wakisema. Ndiyo sababu riwaya zake zimejaa mazungumzo ya haraka, mlango unafunguka, mtu anaingia na habari mbaya, na msomaji hawezi kulala.

Riwaya zenyewe zilitokana na biashara ya magazeti. Katika miaka ya 1830 wenye magazeti ya Paris waligundua kwamba hadithi inayotolewa vipande vipande huwafanya wasomaji wasikose toleo hata moja. Gazeti la Le Siècle lilianza kuchapa Les Trois Mousquetaires, yaani Askari Watatu wa Mfalme, mwezi Machi 1844, likamaliza Julai. Kabla mwaka haujaisha gazeti jingine lilikuwa likichapa Le Comte de Monte-Cristo. Malipo yalikuwa kwa mstari, na mazungumzo mafupi mafupi hujaza mistari mingi. Mwenye hesabu mbovu alijua hesabu hiyo moja.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Alikuwa na mwenzake, Auguste Maquet, aliyekuwa mwalimu wa historia. Maquet alipekua vitabu vya kale, akatafuta habari za wafalme na mawaziri, akaandika rasimu. Dumas aliichukua rasimu, akaiandika upya, akaitia damu na pumzi. D'Artagnan hawakumbuni kutoka hewani. Walimpata katika kitabu cha mwaka 1700 cha Courtilz de Sandras, kilichoandikwa kana kwamba ni kumbukumbu za askari wa kweli wa jina hilo. Michezo ya jukwaani waliyoitunga kutokana na riwaya hizo ilitaja majina yao wawili. Lakini magazeti na vitabu vilitaka jina moja tu, kwa sababu ndilo lililouza.

Wenye wivu walilishambulia jina hilo, na kwa jinsi ya aibu. Mwaka 1845 mtu aliyejiita Eugène de Mirecourt alitoa kijitabu cha kumsema Dumas kwamba ana kiwanda cha riwaya, akatia humo matusi juu ya nywele zake, sura yake na asili yake ya Kiafrika. Dumas alimpeleka mahakamani, akashinda, na mtukanaji akahukumiwa kifungo. Tena, miaka miwili kabla ya matusi hayo, Dumas alikuwa amekwisha kulisema jambo la rangi katika riwaya yake iitwayo Georges, ya mwaka 1843. Mambo yake yanatukia Mauritius, katika Bahari yetu ya Hindi. Shujaa wake ni kijana chotara anayedharauliwa na mabwana wa mashamba, na katika kisiwa hicho wamo watumwa waliotoka Komoro. Kitabu hicho hakikupata sifa ya vile vingine. Naamini kinastahili kutafutwa na kila mwanafunzi wa pwani na wa visiwa.

Fedha zilikuja kama mafuriko, zikaondoka vivyo hivyo. Mwaka 1847 Dumas alifungua jumba lake la fahari huko Port-Marly, karibu na Paris, akaliita Monte-Cristo, akakaribisha wageni mamia. Mwaka huo huo alifungua ukumbi wake wa michezo, Théâtre Historique, kwa kuzionyesha riwaya zake. Mchezo wa kwanza ulichukua saa nyingi hata watazamaji wakatoka usiku wa manane umekwisha kupita. Mwaka 1848 mapinduzi mengine yalizuka, watu wakaacha kwenda michezoni, madeni yakamfika shingoni. Jumba liliuzwa, ukumbi ulifungwa mwaka 1850, na mwishoni mwa mwaka 1851 alihamia Brussels akiwakimbia wanaomdai.

Maquet alikuwa miongoni mwa waliomdai. Alikwenda mahakamani kutaka malipo yake, akataka pia jina lake litambuliwe. Mwaka 1858 mahakama ilikubali kwamba anastahili sehemu ya mapato, lakini jina ilimnyima. Ninampenda sana Dumas, lakini hapa siwezi kumtetea. Ni kweli kwamba alichoandika Maquet peke yake hakina moto ule. Ni kweli pia kwamba bila Maquet moto ule usingepata kuni. Sisi wa maofisini tunayajua mambo haya: mmoja hukusanya takwimu na kukesha na rasimu, mwingine hutia sahihi, na ripoti hubaki kwa jina la mwenye sahihi. Mjukuu wa mwanamke ambaye dunia haikutaka hata kumhesabu kuwa mtu alipaswa kujua kuliko wengine uchungu wa mtu kufanya kazi bila kutajwa.

Uzeeni alikuwa na safari moja zaidi ya kijasiri. Mwaka 1860 Garibaldi alipoanza vita vya kuiunganisha Italia, Dumas alimfuata kwa jahazi lake, akatumia fedha zake kumnunulia bunduki. Ufalme uliokuwa ukipinduliwa kusini mwa Italia ulikuwa ni ule ule wa Naples uliomfunga baba yake. Alikaa Naples kwa miaka kadhaa akiendesha gazeti. Alifariki tarehe 5 Desemba, 1870, nyumbani kwa mwanawe huko Puys, karibu na Dieppe, wakati majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yamevamia Ufaransa. Hakuacha mali.

Lakini hadithi haikufa naye, na hapa nataka kueleza jambo lililotokea New York miaka 58 baadaye. Siku zile watu wa Marekani na Ulaya walikuwa na mapenzi makubwa na opereta, yaani mchezo wa jukwaani unaochanganya maneno ya kusemwa na nyimbo zinazoimbwa pamoja na okestra, mwepesi kuliko opera. Watungaji wake walipenda sana kuchukua riwaya za kijasiri, maana zina mapenzi, panga, wafalme na mavazi ya kung'aa. Mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo alikuwa Rudolf Friml, aliyezaliwa Prague mwaka 1879 na kuhamia Marekani mwaka 1906. Tarehe 13 Machi, 1928, opereta yake The Three Musketeers ilifunguliwa katika ukumbi wa Lyric. Maneno ya nyimbo yaliandikwa na P. G. Wodehouse pamoja na Clifford Grey, D'Artagnan aliigizwa na Dennis King, na aliyegharimia yote alikuwa tajiri wa michezo Florenz Ziegfeld.

Opereta haiwezi kubeba kitabu kizima. Hii ilishika hasa kisa cha vito vya almasi vya Malkia Anne, alivyompa Duke wa Buckingham, na mbio za D'Artagnan za kwenda Uingereza kuvirudisha kabla malkia hajaaibishwa mbele ya mfalme. Huo ndio utamu wa kitabu, lakini ni kama nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili ni ya giza: sumu, kisasi, kifo cha Constance mpenzi wa D'Artagnan, na hukumu ya usiku inayomwangukia Milady. Watu waliolipa kiingilio ili wakaimbiwe hawakutaka kurudi nyumbani na huzuni hiyo. Mchezo ulipendwa, ukaonyeshwa mara 318, na mwaka 1930 ukapelekwa London katika ukumbi wa Drury Lane. Berlin nako, mwaka 1929, Ralph Benatzky alitunga opereta nyingine juu ya askari hao hao.

Sasa tazameni jambo hili. Miezi mitatu tu kabla ya opereta hiyo, Desemba 1927, Ziegfeld huyo huyo alikuwa amefungua mchezo mwingine wa nyimbo, Show Boat, uliotokana na riwaya ya Edna Ferber. Ndani yake yumo mwimbaji Julie, mwanamke anayeonekana mweupe kwa sura, ambaye anafukuzwa kazi merikebuni mara inapojulikana kwamba ana damu ya Kiafrika na ameolewa na mzungu. Hiyo haikuwa hadithi tupu. Majimbo mengi ya Marekani yalikataza ndoa kama hizo, na sheria ya Virginia ya mwaka 1924 ilimtoa mtu katika hesabu ya wazungu kwa damu ya Kiafrika hata iwe kidogo namna gani. Kwa hiyo katika majira yale yale, katika mji ule ule, kwa fedha za tajiri yule yule, watazamaji walimlilia Julie katika ukumbi mmoja, na katika ukumbi mwingine wakaishangilia hadithi ya mtu ambaye kwa sheria za Virginia angewekwa fungu moja na Julie. Jina lililowaletea furaha hiyo lilikuwa la Marie-Cessette.

Ufaransa nayo ilichukua muda kulipa deni lake. Sanamu ya Jenerali Dumas iliyosimamishwa Paris kabla ya Vita Kuu ya Kwanza iliyeyushwa wakati Wajerumani walipoikalia nchi katika Vita Kuu ya Pili. Mwandishi mwenyewe alingoja hadi tarehe 30 Novemba, 2002, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake. Siku hiyo mwili wake ulihamishiwa Panthéon, mahali Ufaransa inapowazika watu wake wakuu, jeneza likiwa limefunikwa kwa kitambaa cha buluu na kubebwa na askari waliovaa kama wale wa riwaya yake. Rais Jacques Chirac alikiri mbele ya wote kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa umemgusa mtu huyo. Maquet hakuhamishwa kokote. Amebaki katika makaburi ya Père Lachaise.

Vijana, maktabani tafuteni kitabu kizima, kile kinene, wala msiridhike na kilichofupishwa. Mkifika pale vito vinaporudi kwa malkia, pale wenye opereta walipopata furaha yao, msifunge kitabu. Endeleeni na ile nusu ya giza, maana ndipo marafiki wanne wanapojifunza kwamba ushujaa una gharama. Nasi wakubwa tuliokwisha kushika nafasi za kutia sahihi, tukirudi maofisini baada ya mkutano huu, tutazame ni nani aliyekesha na rasimu iliyo mbele yetu, na jina lake tuliandike pamoja na letu.